Tangazo la Tatu

Jumatatu asubuhi shemeji yangu Pekeshe alikuja na fundi mwashi kupima nyumba yangu hapa Tarasaa, na alikuja akitabasamu.

Nilikuwa kwenye cherehani nashona sare za shule, pini mdomoni, nikasikia hodi ya furaha. Kuinua macho, Pekeshe huyo mlangoni amevua kofia, na nyuma yake Dado fundi, futi ya chuma mkononi.

"Shemeji, hongera tena," akasema. "Jana kanisani nimeshangilia mpaka sauti imekauka."

Na kweli alishangilia. Pekeshe ni mdogo wake marehemu mume wangu, Ishmael. Ishmael alifariki miaka minne iliyopita, hatujajaliwa hata mtoto mmoja, na tangu siku ya matanga Pekeshe hakuwahi kunipa salamu ya maana. Kwa hiyo mchungaji alipotangaza kwa mara ya kwanza kwamba nitaolewa na Dukicha, nilikaa kwenye benchi nimekaza meno, nikisubiri Pekeshe asimame alete fujo. Kanisani kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo, na kila Jumapili mchungaji huuliza kama yuko mwenye pingamizi. Mara ya kwanza Pekeshe alipiga makofi. Mara ya pili, yaani jana yake, alipiga makofi na mkewe Kadzo akaongeza vigelegele. Nikalia kwa furaha. Nikasema Mungu amewalainisha mioyo. Mjinga mimi!

"Ahsante, shemeji," nikasema, nikatoa pini mdomoni. "Karibuni. Dado naye anataka kushonewa nini?"

Dado akatazama viatu vyake. "Mimi nimeitwa tu, mama."

"Hataki kushonewa," Pekeshe akasema. "Anapima. Chumba hiki, vile vya nyuma, na ua. Si kazi ndefu. Wewe endelea na shughuli zako, wala usisimame."

"Anapima nini?"

"Nyumba."

"Ya nani?"

Hapo akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitia hofu.

"Kwani hukuambiwa? Jumapili ijayo ni tangazo la tatu. Jumamosi yake unaolewa. Ukishaolewa, nyumba ya kaka inarudi kwetu, ndivyo karatasi ya korti inavyosema. Sikufukuzi, shemeji, sina haraka hata kidogo. Nataka tu kujua duka langu litakuwa la ukubwa gani."

Niliinuka. Mkasi ulikuwa mkononi, nao sikuuchukua kwa nia mbaya, ulikuwa mkononi tu. Dado ndiye aliyetangulia kutoka nje.

"Toka, Pekeshe!"

"Natoka, shemeji. Usipandishe presha, bibi harusi wewe."

"Na huyo fundi wako asikanyage hapa tena!"

"Upande mmoja nilishapima, mama," Dado akasema kutoka barabarani, kwa sauti ya kuomba radhi.

Waliondoka. Nikakaa chini, nikampigia Dukicha.

"Njoo."

"Kuna nini?"

"Njoo tu, usiniulize maswali."

Hakuuliza. Huyo ndiye mwanamume wangu. Dukicha ni fundi wa pampu za maji. Kuanzia Ngao mpaka Minjila, pampu ya mtu ikikohoa shambani huitwa yeye. Maneno yake ni machache na hayana haraka. Mafuriko ya mwaka jana, 2018, mto uliibeba nyumba yake ya Ngao mchana mmoja, yeye amesimama kwenye tuta anaangalia. Mkewe alikuwa ameshafariki miaka miwili kabla. Tangu hapo anakaa chumba cha kupanga Minjila, yeye na pampu mbovu za watu. Alikuja kwangu kupunguziwa suruali. Alikuja mara sita kwa suruali hiyo hiyo moja. Mara ya sita nikamwambia, "Suruali haina shida. Wewe una shida gani?" Akanijibu, "Nawe umechelewa sana kuuliza." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu nifiwe, na nikajua hapo hapo kwamba nimekwisha.

Alipofika nilimwonyesha ile karatasi ya korti. Nilipewa Ishmael alipofariki, imeandikwa Kiingereza, na aliyenisomea wakati ule aliniambia, "Nyumba ni yako maisha yako yote." Nikaikunja nikaitia sandukuni. Sikumwuliza mtu tena.

Dukicha aliigeuza mbele na nyuma. Kiingereza chake ni cha pampu, hakifiki mbali.

"Twende Garsen," akasema. "Kuna wakili mwanamke, nimewahi kumtengenezea jenereta. Chukua kila karatasi uliyo nayo."

*

Wakili Kadra alikuwa binti mdogo kuliko mimi, Msomali, hijabu ya kijivu na miwani. Alitukaribisha chai, akasoma karatasi yangu mara mbili bila kuigusa chai yake mwenyewe.

"Dada Asenath, wewe na marehemu mlijaliwa watoto?"

"La."

"Wazazi wake wapo?"

"Wametangulia wote wawili."

"Ndugu?"

"Huyo mmoja mwenye fundi."

Hakucheka. Akavua miwani.

"Aliyekusomea hakukudanganya, ila hakumaliza kusoma. Imeandikwa nyumba ni ya mjane maisha yake yote, au mpaka atakapoolewa tena. Akiolewa, haki yake inakwisha pale pale. Na kwa kuwa hakuna mtoto wala mzazi, inakwenda kwa ndugu wa marehemu."

"Akiolewa na nani?"

"Na mtu yeyote."

Dukicha alikuwa ameketi karibu na mlango, kofia magotini. Akakohoa.

"Wakili, samahani. Mimi pia nimefiwa. Kama hiyo nyumba ingekuwa ya marehemu mke wangu, na mimi ndiye ninayeoa?"

"Ungeoa, na nyumba ungebaki nayo. Mwanamume aliyefiwa sheria haimwulizi."

"Haimwulizi kabisa?"

"Kabisa."

Alinigeukia na macho yake yakaona haya, kana kwamba sheria hiyo aliitunga yeye.

"Nani aliyeandika maneno haya?" nikauliza. "Nataka jina lake!"

"Ni sheria ya mwaka wa sabini na mbili, dada. Mimi sikuwa nimezaliwa. Mawazo yake yametoka mbali, kwa Waingereza. Huko kwao zamani mwanamke akiolewa, kila alicho nacho kilikuwa cha mume, hata senti zilizo kwenye kibeti chake. Wao walishaacha. Sisi tumebaki na mabaki. Waliona mjane akiolewa tena amepata wa kumlisha, sasa ya nini aendelee kula kwa yule wa kwanza."

"Mimi najilisha mwenyewe!"

"Najua."

"Na nyumba nimeijenga mimi!"

"Hilo linaweza kutusaidia," akasema, na kwa mara ya kwanza akainama mbele. "Ukithibitisha kwamba ulichangia, tuna pa kushika. Una risiti?"

Nilikuwa nazo zote. Mfuko mzima. Nikaziweka mezani kwa fahari, na moyo wangu ukapanda. Kadra akaanza kuzipitia moja moja, saruji, mabati, mawe, milango, na kadiri alivyoendelea ndivyo alivyopunguza mwendo.

"Hizi zote zimeandikwa Ishmael."

"Mimi ndiye niliyesema ziandikwe hivyo."

"Kwa nini?"

Ningeanzia wapi? Ishmael alikuwa na ugonjwa wa moyo, kazi nzito hakuiweza. Kiwanja cha Tarasaa kilikuwa chake, kitupu, na kila kilichosimama juu yake kilitoka kwenye cherehani yangu, miaka saba ya kuinamia nguo za watu. Na kwetu mume akijengewa na mke huchekwa, husemwa amekwenda kukaa kwa mwanamke. Basi mimi kila nilipokwenda kununua saruji nilimwambia mwenye duka, "Andika Ishmael." Mabati, andika Ishmael. Hata mafundi nilikuwa nampa Ishmael pesa chumbani ili yeye ndiye awalipe mbele za watu. Alikuwa akipita Tarasaa anaamkiwa "mwenye nyumba", naye anaitika, na mimi nikimsikia nilifurahi. Sikuona kosa. Mpaka leo nikiulizwa siwezi kusema lilikuwa kosa.

"Nilitaka watu wamheshimu," nikasema.

Kadra alizipanga risiti zangu vizuri, akazirudisha mfukoni kwa mikono miwili.

"Tunaweza kwenda korti hata hivyo. Katiba inasema mume na mke wako sawa, na mimi naamini siku moja jaji atayafuta maneno haya. Lakini siku yenyewe siijui. Miaka mitatu, labda sita. Na miaka yote hiyo, dada yangu, usiolewe."

"Na tukikaa tu pamoja?" Dukicha akauliza, akitazama sakafu. "Bila harusi?"

"Mkikaa mkajulikana kama mume na mke, wakili wao atasema mmeoana. Mimi ningekuwa wakili wao ningesema hivyo hivyo. Pikipiki yako ikionekana kila asubuhi mlangoni kwake, huyo shemeji ataipiga picha."

Alikataa kutudai chochote. Akatusindikiza mpaka mlangoni, akanishika bega, akasema pole. Nilikwenda kwa wakili kutafuta nguvu, nikarudi na pole.

*

Wiki ile nilijaribu kila mlango.

Jumanne nilikwenda kwa Pekeshe mwenyewe. Nikala kiburi changu chote, nikakaa kwenye mkeka wa Kadzo, nikamwambia aniandikie tu karatasi kwamba hatanitoa. Pekeshe alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote.

"Shemeji, mimi nimekukataza kuolewa?"

"Hapana."

"Kadzo, kuna mtu hapa amemkataza?"

"Hakuna," Kadzo akasema. "Sisi tumefurahi. Mimi nimeshanunua na kitenge."

Angenitukana ningejua pa kumshika. Hawa walikuwa wananitakia heri.

Jumatano nilikwenda Ngao kwa baba yangu. Baba, Mzee Philemon, ni mzee wa kanisa, na nilipomwambia nataka kuahirisha harusi aliweka kikombe chini.

"Jumapili mbili umetangazwa, Asenath. Ukisimamisha sasa, watu watasema nini kimeonekana?"

"Baba, watanichukulia nyumba."

"Nyumba ni mawe. Umepata mwanamume mwema, wa umri wako, anayemwogopa Mungu. Ulikaa miaka minne nikikusikia ukilia kwa simu. Nyumba ndiyo iliyokuwa inakunyamazisha?"

"Nimeijenga kwa mikono yangu, baba."

"Mwanamke aliyeolewa anakwenda kwa mumewe."

"Nilishakwenda mara moja. Ona nilipo."

"Usinijibu!"

"Sikujibu, baba. Nasema tu."

"Na hayo ya kukaa naye bila ndoa usije ukanitajia. Siku nitakayoyasikia, sina binti."

Alikuwa ananipenda, na ndiyo sababu sikuweza hata kumkasirikia vizuri. Nikanawa uso, nikampikia wali na samaki, tukala.

*

Jumamosi Dukicha alikuja kuniona. Pikipiki aliiacha kule kwenye mashine ya kusaga, akaja kwa miguu, ili isipigwe picha. Mtu mzima wa miaka arobaini na miwili anajificha mchana kweupe kama mwizi wa kuku! Nilipomwona anakatiza uani kwa mgongo wa nyumba, jasho shingoni, hasira zilinipanda na mapenzi yakanipanda, vyote kwa pamoja.

"Nimeamua," nikamwambia kabla hajakaa. "Acha wachukue. Nakuja Minjila na cherehani zangu zote tatu."

"Zitakaa wapi?"

"Hapo kwako."

"Kwangu kitanda kikiingia, mtu inabidi atoke."

"Basi nitashonea barazani."

"Baraza ni ya mwenye nyumba."

"Dukicha, unanitaka au hunitaka?"

Akaniangalia. Ana macho ya mtu anayesikiliza injini, akikutazama unajua hakusikilizi maneno tu. Nikajikuta natengeneza leso kichwani bila sababu.

"Nakutaka mpaka kazi zinanishinda," akasema. "Juzi nimefunga pampu ya watu kinyumenyume."

Nilitaka kucheka, badala yake nikalia. Akanivuta, nikaweka paji la uso wangu kifuani kwake, shati linanuka dizeli na sabuni ya kipande. Sikumbuki mara ya mwisho nilipopumua vizuri kama wakati ule.

"Kama unanitaka, basi," nikasema humo humo kifuani. "Shida iko wapi?"

"Mimi nikifa?"

"Usife."

"Ishmael uliwahi kumwambia hivyo?"

Nikamsukuma. Hilo lilinichoma mpaka ndani.

"Usinitajie Ishmael!"

"Namtaja kwa sababu alikupenda, na ona amekuachia nini. Hakukusudia. Mimi nami sitakusudia. Nikifa, mwenye nyumba wa Minjila atakupa siku saba. Nikijenga tena Ngao, kiwanja ni cha ukoo wetu, na mimi nina ndugu watano. Wote wanamjua Dado."

"Kwa hiyo unaniacha."

"Sijasema hivyo."

"Unasema nini? Sema basi, mwanamume wewe! Maneno yako hutoka kwa kipimo kama dawa!"

Akakaa kwenye benchi la wateja. Akatazama cherehani zangu, meza ya kukatia, sare zilizokunjwa zikingoja wenyewe, dirisha nililolichagua mimi, kubwa, kwa ajili ya mwanga. Alizitazama moja moja.

"Mwaka jana nilisimama kwenye tuta nikaona nyumba yangu inaondoka," akasema. "Kwanza jiko, halafu chumba. Nilikuwa na nguvu zangu zote, Asenath, na sikuwa na la kufanya. Sasa ya kwako nayo inaondoka, na safari hii mimi ndiye niliyeleta maji."

"Si wewe. Ni Pekeshe."

"Pekeshe miaka minne ameshindwa. Nimekuja mimi ndiyo ameweza."

Nikaenda nikakaa karibu naye, bega kwa bega.

"Nimechagua," nikasema polepole. "Mimi si mtoto. Nimepima pande zote mbili. Nyumba nitaililia mwaka mmoja, itakwisha. Wewe sijui ningekulilia mpaka lini."

"Nimekusikia."

"Kesho tangazo la tatu. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Uvae lile shati la buluu nililokushonea."

"Nitalivaa."

Akanishika mkono, akaugeuza, akaviangalia vidole vyangu, miaka kumi na tano ya sindano. Akavibusu kimoja kimoja, mlango ukiwa wazi na barabara inapita watu. Dukicha hakuwahi kufanya hivyo mchana. Nilidhani ni furaha.

*

Jumapili kanisa lilijaa. Baba alikuja kutoka Ngao na koti lake jeusi. Pekeshe na Kadzo walikaa benchi la mbele, Kadzo na kitenge kipya. Dukicha alikuwa upande wa wanaume, shati la buluu, nywele amechana, na nilimtupia jicho mara tatu bila yeye kunitazama. Nikajisemea anaona haya mbele za watu, mshamba wangu.

Mchungaji akafungua daftari lake.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho, natangaza ndoa ya ndugu yetu Dukicha na dada yetu Asenath binti Philemon. Kama yuko mwenye kujua sababu ya wawili hawa kutofunga ndoa, aseme sasa."

Kwa kawaida hapo husubiri kidogo, kisha hufunga daftari. Kadzo alikuwa ameshafungua mdomo kwa kigelegele.

"Mchungaji, mimi nina pingamizi."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Nilidhani ni mzaha wake.

"Bwana harusi hapingi," mchungaji akasema, naye anatabasamu.

"Napinga." Dukicha alikuwa amesimama, mikono imeshika benchi la mbele yake. "Nina mwanamke Hola. Nimekaa naye siku zote hizi na sijamwacha. Asenath nilimdanganya. Mzee Philemon nilimdanganya. Wao hawana kosa lolote, na watu wasiwaseme."



Hola! Dukicha huenda Hola kununua vipuri. Huondoka alfajiri, hurudi kabla ya jua kuzama, na hunipigia simu njiani mara nne kuniuliza kama nimekula. Hana mwanamke Hola wala Garsen wala popote chini ya jua ila mimi.

Baba alisimama kwa mkongojo wake. "Kijana, umenifanyia nini?"

"Nisamehe, mzee," Dukicha akasema, akainamisha kichwa.

Aliyepiga kelele alikuwa Pekeshe. "Mwongo! Mchungaji, huyu ni mwongo, amepagawa! Aulizwe jina la huyo mwanamke!"

"Jina lake halikuhusu."

"Tubu, ndugu yangu! Tubu, uoe! Mungu husamehe!" Alikuwa ametoka benchini, mikono juu, na jasho linamtiririka usoni. Sijawahi kuona mtu akiitetea ndoa yangu kwa nguvu vile. "Shemeji! Shemeji, sema! Wewe unamjua huyu!"

Mchungaji alinigeukia. Alikuwa na huruma machoni.

"Binti yangu, simama. Ulikuwa unalijua jambo hili?"

Nikasimama. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Mwongo. Ningelisema hilo, pingamizi lingekwisha, na Jumamosi ningekuwa mke wake. Ulimi wangu, ambao Tarasaa nzima inauogopa, ulikuwa tayari. Nikamtazama Dukicha. Hapo ndipo aliponitazama, mara moja, na akatikisa kichwa kidogo sana, hata jirani yake hakuona.

Jana nilikuwa nimechagua. Nilikuwa nimesema acha wachukue, na nilimaanisha, naapa nilimaanisha. Lakini jana hakukuwa na njia ya kutokea. Sasa mtu ameifungua, amesimama pembeni yake na aibu yote juu ya kichwa chake, ananingoja nipite. Nikamsubiri Asenath wa jana aseme lile neno. Nilimsubiri kwa kweli. Hakuja.

"Sikujua, mchungaji," nikasema.

Dukicha akachukua kofia yake akatoka. Ilimbidi apite katikati ya mabenchi, na wanawake walivuta nguo zao asiziguse. Sikusikia hata pikipiki ikiwashwa, kwa kelele zilizokuwa zimenizunguka.

Baba alinishika mabega yote mawili, mbele za watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nizaliwe. "Nisamehe, mwanangu," akaniambia. "Nilikusukuma." Nikashindwa hata kumtazama. Pekeshe alikuwa ameketi kwenye ngazi ya madhabahu, kichwa mikononi, na Kadzo anampepea kwa ncha ya kitenge.

Akina mama wa kanisa walinisindikiza mpaka nyumbani. Walinikalisha kwenye kiti changu, karibu na cherehani zangu, chini ya mabati yangu. Mmoja akachemsha chai kwenye jiko langu. Mwingine akanifuta machozi, akasema, "Mshukuru Mungu, mwenzetu, angalau unayo nyumba." Kisha wakaanza kumtukana Dukicha. Mbwa. Mzinzi. Mtu asiye na haya. Walimtukana mchana kutwa, kila mmoja kwa zamu yake, na kila mmoja alipomaliza alinigeukia, na mimi, ili waamini, nikawa naitikia.